Kabla ya Kiwanda cha Chipu, Tujifunze Kusogeza Biti

Nimepotea, nakiri. Mmoja wenu aliniuliza kama nimehamia Nairobi kama karibu wote niliosoma nao kompyuta. La hasha! Niko hapa hapa Nakuru, mji uliopandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 1 Desemba 2021 (ulimi wangu bado unasema mji, mnivumilie). Kilichonipoteza ni hitilafu moja kwenye programu yangu. Siku tisa nzima, kwa sababu ya biti nne.

Leo nataka kuwasimulia hitilafu hiyo, halafu niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu tuanze kusikia habari za Kenya kutengeneza chipu. Anayeogopa hesabu asikimbie. Ni kuzidisha na kujumlisha tu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kikundi cha wakulima wa viazi upande wa Molo kilitaka programu inayoangalia picha ya jani na kusema kama lina ugonjwa. Programu ya namna hii hubeba namba nyingi sana ilizojifunza kutokana na picha za awali. Ili zitoshe kwenye simu za bei ya chini, nilizibana kila moja ikawa ya biti nne, yaani namba mbili ndani ya baiti moja, kama wanafunzi wawili wanaolala kitanda kimoja cha hosteli. Ukitaka kuzitumia lazima uzitenganishe kwanza. Ya chini unaipata kwa kufuta ile ya juu. Ya juu unaipata kwa kuisogeza nafasi nne kwenda kulia.

Kwenye simu mambo yalikwenda vizuri. Lakini si kila mkulima ana simu janja, kwa hiyo nikaweka toleo la pili kwenye seva, na mama mmoja mwenye agrovet akakubali kuwapigia wateja wake picha na kuzituma. Siku ya pili akanipigia simu.

"Kijana, hii mashine yako imekunywa nini?"

"Kwani imefanya nini, mama?"

"Nimepiga jani la viazi, imesema ugonjwa. Nimepiga sukuma wiki, imesema ugonjwa. Sasa nimepiga leso yangu, nayo imekuwa mgonjwa! Watu wako hapa na pesa mkononi wanataka dawa. Niwauzie ama niwarudishe nyumbani?"

Nilimwambia awarudishe. Dawa ya kunyunyizia si bure, na mtu akinyunyizia shamba zima lililo zima kwa sababu ya msimbo wangu, hasara hiyo ni yangu mimi. Usiku huo sikulala.

Sasa ngoja nieleze kilichotokea. Simu nyingi tulizo nazo mfukoni zina prosesa za ukoo wa Arm. Seva niliyokodi ilikuwa na prosesa ya ukoo wa Intel. Zote mbili zina kitu ninachokiita hapa amri moja, data nyingi: badala ya kushughulikia namba moja moja, prosesa inachukua rejista pana, inaigawa vipande, na amri moja inafanya kazi kwenye vipande vyote kwa wakati mmoja. Rejista ya biti 64 unaweza kuichukulia kama kitu kimoja cha biti 64, au vipande viwili vya biti 32, au vinne vya biti 16, au vinane vya biti 8. Mbinu hii inasaidia sana kuchakata picha, video na sauti kwa kasi.

Fikiria matatu. Makanga anasema "songeni!" na kila mtu anasogea kiti kimoja. Kama gari lote ni benchi moja refu, aliye mwisho anaanguka nje na mwanzoni panabaki pengo. Lakini kama gari lina safu nane, makanga anataka kila safu isogee yenyewe. Mtu wa safu ya pili asiingie safu ya kwanza. Hilo ndilo neno muhimu katika habari yote ya leo: mpaka. Kusogeza biti ni rahisi. Kuzizuia zisivuke mpaka wa kipande chake, hapo ndipo kazi ilipo.

Prosesa za Arm, kwa amri zao za NEON, zina amri ya kusogeza vipande vya biti 8. Za Intel hazina! Tangu Intel walipoleta MMX mwaka 1997 kwenye Pentium, kukawa na amri za kusogeza vipande vya biti 16, 32 na 64, lakini vya biti 8 wakaviacha, na vizazi vilivyofuata vya SSE na AVX2 vikarithi pengo hilo hilo. Kwa hiyo mtu wa Intel anasogeza kwa vipande vya biti 16, halafu anafuta mwenyewe biti zilizovuka kutoka kwa baiti ya jirani. Mimi nilisogeza. Nikasahau kufuta. Namba ambayo haikutakiwa kuzidi 15 ikaweza kufika 255, na leso ya mama ikaugua ugonjwa wa viazi.

Kosa ni langu, sikatai. Lakini baada ya kulirekebisha (mstari mmoja tu, jamani!) swali lilibaki kichwani. Kwa nini amri hiyo haipo? Ni ghali kiasi gani kuiweka? Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta na sikuweza kujibu. Chuoni kwetu, ambako sitataja jina, saketi ya kusogeza ilikuwa mchoro mmoja wa biti nne ubaoni, tukaunakili, ukaja kwenye mtihani, tukausahau. Basi nikachukua karatasi nikaanza kuchora mwenyewe.

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni meza ya makutano: kila biti inayoingia ina swichi ya kuipeleka kwenye kila nafasi ya kutokea. Kwa biti 64 hiyo ni 64 mara 64, swichi 4,096. Ni ya haraka lakini inakula nafasi vibaya sana.

Njia ya pili ni ngazi. Ngazi ya kwanza inaweza kusogeza nafasi 1 au kuacha. Ya pili, nafasi 2 au kuacha. Kisha 4, 8, 16 na 32. Ukitaka kusogeza nafasi 13 unawasha ngazi ya 8, ya 4 na ya 1. Ni kama kulipa shilingi 13 kwa sarafu, unachagua zinazojumlika. Kila ngazi ina swichi 64 za kuchagua moja kati ya mbili, ngazi ni sita, jumla swichi 384. Tumetoka 4,096 hadi 384 kwa kukubali kupita ngazi sita badala ya kuruka mara moja.

Sasa tunataka vipande. Mchoraji mvivu (yaani mimi siku ya kwanza) anachora saketi nne tofauti. Moja ya biti 64: swichi 384. Mbili za biti 32, zenye ngazi tano kila moja: 320. Nne za biti 16: 256. Nane za biti 8: 192. Jumla 1,152. Mwishoni unahitaji swichi nyingine 192 za kuchagua jibu la saketi ipi litoke. Zimekuwa 1,344, na kila amri inapokuja robo tatu ya saketi hizo zinafanya kazi ya bure, maana jibu lake linatupwa.

Nilikaa na mchoro huo siku mbili kabla ya kuona jambo lililokuwa wazi. Saketi ya biti 64 tayari inasogeza kila kitu vizuri. Kasoro yake ni moja tu: inaruhusu biti kuvuka mipaka. Basi usijenge saketi nyingine, weka geti mpakani! Geti linalosema: kama tuko kwenye vipande vya biti 8, biti hii isipite, weka sifuri badala yake.

Mageti mangapi? Hebu tuhesabu pamoja. Katika rejista ya biti 64 kuna mipaka saba kati ya baiti nane. Ngazi ya kusogeza 1 inavusha biti moja kwenye kila mpaka, kwa hiyo mageti 7. Ngazi ya 2 inavusha biti mbili, mageti 14. Ngazi ya 4, mageti 28. Ngazi ya 8 haina kazi kwa vipande vya biti 8, kwa hiyo tunalinda mipaka mitatu tu ya vipande vya biti 16, biti nane kila mmoja: 24. Ngazi ya 16 inalinda mpaka mmoja wa katikati: 16. Ngazi ya 32 haina mpaka wa kulinda. Jumla mageti 89.

Mageti 89 dhidi ya swichi 960 za ziada. Nilisimama, nikatoka nje, nikanunua mahindi choma. Kuna furaha fulani ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiyechora saketi.

Bado kuna mambo. Huko juu tumesogeza kulia tu. Badala ya kujenga saketi ya pili ya kushoto, unageuza biti zote mbele-nyuma kabla ya kuingia, unasogeza kulia, halafu unazigeuza tena zikitoka. Swichi 64 mlangoni na 64 za kutokea, yaani 128 badala ya 384. Na kama namba ina alama ya hasi, mpakani huweki sifuri bali unarudia biti ya juu ya kipande hicho, kwa hiyo geti linageuka kuwa swichi ndogo. Ukitaka kila kipande kisogee kiasi chake chenyewe, nyaya za kuongoza zinaongezeka na mchoro unaanza kuchafuka. Hapo ndipo nilipo sasa, na sijaridhika nao.

Turudi kwa Intel. Kama nisingetaka vipande vya biti 8 kabisa, yaani kama MMX, mchoro wangu ungehitaji mageti 61. Kwa hiyo gharama ya amri niliyoikosa, katika mchoro wangu huu wa karatasi, ni mageti 28. Ishirini na manane! Najua prosesa halisi ina gharama nyingine: kila amri inahitaji nambari yake, inahitaji kupimwa, inahitaji kubebwa milele na kila kizazi kitakachofuata. Sisemi wahandisi wa Intel ni wajinga, wangenicheka. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa mtu mmoja mezani, miaka ile mimi sijui hata kusoma, ulifika mpaka kwenye kaunta ya agrovet karibu na Molo. Na mimi niliye katikati sikuwa na ujuzi hata wa kuuliza swali.

Sasa nisemalo. Mei 2024 tulisikia mengi kuhusu chipu. Kenya ilitajwa kwenye ushirikiano na Marekani chini ya mfuko wa sheria yao ya chipu, na kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, iliyoko Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri, ikapata ufadhili wa upembuzi yakinifu kutoka shirika la serikali ya Marekani, USTDA. Nyeri si mbali nasi, unapita Nyahururu tu. Mwezi huo huo Microsoft na G42 wakatangaza mpango wa dola bilioni 1 wenye kituo cha data cha kutumia mvuke wa Olkaria, hapa hapa kaunti ya Nakuru. Vijana wenzangu wakaandika kwa herufi kubwa: KENYA KUTENGENEZA CHIPU. Nami nilifurahi, na wa Nyeri nawapongeza bila unafiki.

Lakini kila mazungumzo niliyoyasikia yalikuwa ya jengo. Kiwanda, mashine, ekari, umeme, wawekezaji. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza: kiwanda hicho kitachapisha mchoro wa nani? Ni sawa na kujenga mtambo mkubwa wa kuchapa vitabu katika nchi ambayo hakuna anayefundishwa kuandika. Utachapa, ndiyo. Utachapa vya wengine.

Tazama Arm yenyewe. Chipu ya kwanza ya ukoo ule, ARM1, ilichorwa kwenye kampuni ya Acorn kule Cambridge, Uingereza, na watu wachache wakiongozwa na Sophie Wilson na Steve Furber, na ilifanya kazi kwa mara ya kwanza Aprili 1985. Ilikuwa na transista 25,000 hivi tu. Na unajua fahari yake mojawapo ilikuwa nini? Saketi ya kusogeza! Waliiweka mbele ya kikokotozi, hivyo amri ya kujumlisha ingeweza pia kusogeza namba moja bila kungoja amri nyingine. Acorn hawakuwa na kiwanda. Chipu ilitengenezwa na kampuni nyingine, VLSI Technology. Ukoo ambao leo uko kwenye simu ya mama boga na ya gavana ulianzia kwenye mchoro, na biashara yake ikajengwa kwa kuuza michoro.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimeshapewa na rafiki zangu juu ya chai: "Wewe ni nani ushindane na Arm?" Sishindani na mtu. Sizungumzii prosesa kamili. Nazungumzia darasa la watu thelathini, kila mmoja achore saketi ya kusogeza, ahesabu mageti, atetee alichoacha. Miaka kumi iliyopita ningekubali kwamba haiwezekani, kwa sababu programu za kuchorea chipu zilikuwa na bei ya kutisha. Leo Yosys inageuza msimbo wako kuwa mageti bila kukutoza hata senti. OpenROAD inayapanga na kuvuta nyaya. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walifungua hadharani vipimo vya teknolojia ya nanomita 130. Yote haya yanaendeshwa na laptopu yangu, ambayo kitufe chake cha nafasi kimekwisha kufa.

Tena kuna mradi wa Tiny Tapeout, ulioanza 2022, ambapo michoro midogo ya watu wengi inawekwa kwenye chipu moja, kila mtu na kiploti chake, na gharama inagawanywa. Kiploti kimoja ni takriban mikromita 160 kwa 100. Hapa ndipo udogo unapoacha kuwa mapambo. Kwenye vipimo vya SkyWater, swichi moja ndogo ya kuchagua kati ya biti mbili inachukua mikromita mraba 11 na kidogo. Mchoro wangu wa kivivu wa swichi 1,344 unataka zaidi ya 15,000 kwenye kiploti cha 16,000, na hapo hujaweka rejista wala njia za nyaya. Aliyewahi kununua ploti ya 50 kwa 100 hapa Nakuru anajua kwamba huwezi kujenga mpaka kwenye kona zote nne, lazima ubakishe pa kupita. Mchoro wenye mageti mpakani, pamoja na swichi za kugeuza, unataka kama 6,000 au 7,000. Unaingia, na rejista inapata mahali. Mmoja ni chipu unayoweza kuishika mkononi, mwingine ni faili kwenye laptopu.

Sitawadanganya kwamba njia hii ni laini. Efabless, kampuni iliyokuwa ikipeleka michoro ya Tiny Tapeout kiwandani, ilifunga 2025, na ikabidi mradi utafute njia nyingine, ikiwemo IHP ya Ujerumani. Kazi za kuchora chipu hapa kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Mwanafunzi akiiva vizuri, huenda akaajiriwa na watu wa mbali. Hata hivyo namchagua huyo kuliko jengo lenye mlinzi getini na mashine zinazosubiri mchoro kutoka ng'ambo. Na kama fedha za umma zitatengwa kwa jambo la chipu, ningependa sehemu ndogo, ndogo sana ukilinganisha na bei ya kiwanda, iwalipie wanafunzi viploti hivyo, kila mwaka, bila hotuba.

Mimi nimeanza kivyangu. Vijana watatu, mmoja wao ni binamu yangu aliye mwaka wa pili, wanakuja kwangu Jumamosi mchana. Wiki iliyopita niliwapa saketi ya biti 8 ya kusogeza kulia na kuwaomba waigawe vipande viwili vya biti nne bila kuongeza swichi. Wawili waliweka geti kila mahali. Wa tatu aliweka mageti matatu, nikamuuliza kwa nini matatu, akasema ngazi ya 1 inavusha biti moja na ya 2 inavusha mbili, ya 4 haina haja. Sikumfundisha hilo! Jumamosi hii tunageuza mbele-nyuma.

Mama wa agrovet naye amepiga picha ya leso yake mara nyingine, safari hii mbele yangu. Programu ikasema haioni jani. Akanitazama, akapiga ya jani la viazi alilotoa kwenye mfuko wa aproni, akasubiri jibu, halafu akamwita mteja wa kwanza.